Boya la Marehemu Gottlob

Volkmar Kränzle hakuwa fundi bomba. Aliwahi kuuza mazulia, miwani ya kusomea na bima ya mbwa. Mambo ya mabomba aliyajua kwa kadiri anavyoyajua mtu yeyote anayeoga. Ila alikuwa na ovaroli safi ya buluu, sanduku la spana na sauti ya kubembeleza, na hapa kwetu Heslach, Stuttgart, mwenye vitu hivyo vitatu hufunguliwa mlango kabla hajataja jina.

Jumatatu moja ya Septemba alisimama mbele ya nyumba namba kumi na nne akitafuna mkate wa siagi. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, na wiki ile sikuhitaji televisheni. Macho yake yakatua kwenye tangazo la mlangoni, lililopigwa chapa na kupigiwa mistari miwili myekundu: Bili ya maji ya nyumba imepanda. Mwenye choo kinachovuja ajitokeze kabla ya kikao cha mwezi ujao. E. Strähle, mwenyekiti.

Volkmar akaacha kutafuna. Nyumba ya watu sita, kila mmoja anamshuku mwenzake choo. Akakung'uta makombo, akabonyeza kengele ya Strähle.

Eugen Strähle alikuwa mstaafu, mwembamba, mwenye tabia ya kupima kwa rula masanduku ya maua ya majirani. Alifungua mlango akiwa ameshika rula hiyo.

"Habari za asubuhi, mwenyekiti."

"Nani kakwambia mimi ni mwenyekiti?"

"Hakuna. Mtu akikuona tu anajua."

Strähle akaiweka rula chini. Kuanzia hapo alikuwa wa kuchinjwa tu.

"Tatizo si watu, mwenyekiti," Volkmar akaendelea. "Ni mitambo ya ndani ya matangi. Nyumba hii ni ya mwaka sabini na nane, matangi yote ya aina moja, na maji yetu haya yamejaa chokaa. Mpira ukichoka, maji yanapenya kidogokidogo kutwa nzima, na mita inakula. Mtambo mpya, pamoja na kazi, euro mia na tisini. Wewe utakayenipeleka kwa wenzako, nusu."

"Bila risiti?"

Tazama nani aliyeuliza kwanza. Mzee aliyewahi kumwandikia jirani barua ya onyo kwa kuanika soksi Jumapili, lakini kodi ya serikali akiiona anairuka.

"Mwenyekiti," Volkmar akasema kwa huzuni, "risiti ni ya watu wasioaminiana."

Basi sikiliza mpango wenyewe. Alinunua mtambo mpya mmoja tu. Huo akamfungia Strähle, ili mwenyekiti apate cha kujisifia kwenye ngazi. Mtambo wa zamani wa Strähle akaulaza kwenye ndoo ya siki nyuma ya gari lake mpaka chokaa ikabanduka, ukatoka mweupe unang'aa. Akautia mpira wa senti chache, akaurudisha ndani ya boksi lilelile la ule mpya, akaliziba kwa utepe, akaenda kuufunga ghorofa ya kwanza. Wa ghorofa ya kwanza ukapanda ghorofa ya pili. Kila mtu alilipia mtambo mpya akafungiwa wa jirani yake, ukiwa umeoshwa. Na kwa kuwa alikuja na mikongwe mingine miwili aliyoitoa nyumba ya mtaa wa pili, kuna siku alifunga miwili kwa mpigo, ndooni vikachanganyika: boya linaloelea la huyu, koki ya yule, mpini wa yule mwingine. Hakujali. Choo hakiulizi ukoo.

Jumatano akafika ghorofa ya tatu, kwa Bi Walburga Fetzer.

Huyu alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, mtu wa kanisa la kizamani, la watu wanaoamini kwamba hata kuongeza chumvi kwenye habari ni dhambi. Tangu azaliwe hakuwahi kusema uongo, jambo lililomfanya asialikwe sana. Pia hakuwahi kupaka kucha zake rangi, lakini chupa ya rangi nyekundu ya kucha ilikuwa haimtoki mfukoni: kila alichomiliki, kuanzia vibanio vya nguo hadi mti wa fagio, alikitia kitone. Majirani wana mikono, alisema, na mikono haina kumbukumbu.

"Choo changu hakivuji," alimwambia Volkmar mlangoni.

"Wote husema hivyo, mama. Maji hayana makelele."

Akamimina matone matatu ya rangi ya buluu ndani ya tangi. "Hatugusi kitu, tunasubiri. Rangi ikibaki juu, nitaomba radhi niende zangu. Ikishuka kwenye bakuli, basi. Hebu nitafutie kitambaa kikavu, tafadhali."

Bi Walburga akaenda kutafuta kitambaa. Volkmar akakibonyeza kitufe cha kuvutia maji kwa kidole cha mwisho, kidogo tu. Mama aliporudi, bakuli lilikuwa buluu.

"Unaona," Volkmar akasema kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha wagonjwa mahututi.

Bi Walburga aliyatazama yale maji kwa muda mrefu. "Mtambo huu Gottlob aliutengeneza mwenyewe."

"Gottlob ni nani?"

"Mume wangu. Mwezi ujao anatimiza miaka ishirini makaburini."

"Basi mpira nao umemfuata, mama yangu."

Hela zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, na chini ya kopo kulikuwa na barua ya ofisi ya makaburi. Barua ilisema miaka ishirini ya Gottlob inakwisha tarehe thelathini Oktoba. Mjane akilipa, mume anaendelea kulala miaka ishirini mingine. Asipolipa, jiwe linang'olewa na nafasi anapewa mwingine. Bi Walburga alizikusanya hela hizo kwa miaka minne, na zilikuwa zimetimia wiki iliyopita tu, barabara, bila senti ya ziada. Sasa akasimama na kopo mkononi, akiwaza choo kinachomtiririsha pensheni yake mchana na usiku. Akatoa mia na tisini. Alizihesabu mara tatu kabla ya kuziachia, na Volkmar aliona, akazipokea vilevile.

"Risiti?"

"Ukitaka risiti, mama, bei inapanda."

Akafunika kopo, asiidai tena. Nampenda bibi huyu, lakini hapo alikosea kama wenzake, na simfichi.

Ijumaa asubuhi mtambo "mpya" ukaanza kunong'ona. Maji yalipita, kidogokidogo, kutwa nzima. Mtambo wa Gottlob haukuwahi kunong'ona.

Ikasadifu kwamba wiki ile kibao cha zamu ya kufagia kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwake. Mwenye kibao anafagia ngazi, anafagia njia, na anakagua mapipa ya taka. Watu wa hapa mtu anaweza kufa chumbani akae siku tatu hakuna aliyebisha hodi. Lakini gazeti likiingia pipa la chupa, mhalifu anajulikana kabla ya chakula cha mchana. Bi Walburga akafunua pipa la karatasi, akainama, akapekua mpaka chini. Magazeti, mifuko ya unga, bahasha za Strähle zilizochanwa vipande vidogo. Mitambo mipya sita imefungwa katika nyumba hii wiki hii. Boksi, hakuna hata moja.

Akasimama pale na kifuniko mkononi. Upepo ukamletea harufu ya siki kutoka kwenye gari lililoegeshwa mbele ya mlango.

Akapanda ngazi hadi kwa Annegret Bühler, mwalimu wa piano, mlango unaotazamana na wake. "Naomba kutumia choo chako, Bi Bühler. Changu kinanong'ona."

"Karibu. Changu ni kipya kabisa, cha jana."

Bi Walburga akajifungia, akakiinua kifuniko cha tangi, akaingiza mkono chini ya boya, akaligeuza. Kitone chekundu kikamtazama. Akakirudisha kifuniko taratibu, akavuta maji kwa heshima ya mwenye nyumba, akanawa mikono.

Kwanza alikwenda kwa Strähle, ghorofa ya juu kabisa. Alimweleza yote, kwa utaratibu, bila kuongeza neno. Strähle akamsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Bi Fetzer, mimi changu kinafanya kazi vizuri."

"Wewe ndiye uliyemleta."

"Una risiti?"

"Huna wewe pia."

"Basi hakuna kilichotokea," akasema mwenyekiti, akafunga mlango.

Mwingine angelia, au angeita polisi wamuulize risiti wao pia. Bi Walburga alishuka ngazi moja moja, akaingia kwake, akaandika kitu kwenye karatasi kwa dakika kumi, akaikunja, akaitia mfuko wa aproni. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Nyumba namba kumi na nne walikuwa wajinga sita. Mmoja alikuwa ameshaerevuka.

Volkmar alikuwa anapakia ndoo garini.

"Fundi. Nimefuata mtambo wangu wa zamani."

"Ule wa kutupwa? Mama yangu, nimeshautupa."

"Ah." Akakaa kwenye ngazi ya mlango. "Basi Gottlob anisamehe. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono, akaniambia: Walburga, kila kitu tupa, ila lile boya la chooni asilitupe mtu yeyote."

"Wagonjwa husema mengi."

"Alikuwa na akili zake timamu. Benki tu ndiyo hakuiamini. Maisha yake yote hakuweka huko hata senti moja."

Volkmar akaacha kupakia. "Alikuwa anafanya kazi wapi, marehemu?"

"Pforzheim. Kwa sonara. Miaka thelathini na mmoja, kila siku na treni ya saa kumi na mbili asubuhi."

"Kwa sonara."

"Boya alilipasua mwenyewe na kuliziba mwenyewe, kwa gundi ya masonara, mshono huuoni hata ukivaa miwani. Alijifungia chooni Jumamosi nzima. Mimi sikumuuliza, hatukuwa watu wa kuulizana."

Naapa, katika maneno yote hayo hakuna hata moja la uongo. Bi Walburga asingethubutu.

Kila mtu hapa anajua Pforzheim: dhahabu, vito, vijiwe vidogo vyepesi ambavyo boya linaweza kuvibeba na bado likaelea. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu mwenye huruma nyingi.

"Ngoja kwanza, mama. Nikifikiri vizuri, sikuutupa. Nina rafiki anayekusanya mitambo ya zamani."

"Anakusanya mitambo ya choo."

"Dunia ina watu. Nitakupa hamsini, uusahau."

"Kitu cha marehemu, fundi. Labda niwaulize majirani, huenda umekichanganya ukakiacha kwa mmoja wao."

"Mia."

"Bwana Strähle anajua sheria. Yupo juu."

"Majirani wa nini? Mia tatu."

Bi Walburga akajishika goti, akaanza kuinuka, akaelekea kengele ya Strähle kwa mwendo wa mtu mwenye siku nzima.

"Mia sita," Volkmar akasema. Zilikuwa zaidi ya nusu ya zote alizokusanya katika nyumba ile, na alizitoa mfukoni haraka, asije akajizuia.

"Mia sita. Ila tuandikiane."

"Mimi huwa siandikiani, mama."

"Mimi huandika."

Akaitoa karatasi kwenye aproni. Ilikuwa imekamilika, imeachwa nafasi ya bei tu. *Mimi Walburga Fetzer nimemuuzia Bwana Volkmar Kränzle mtambo mmoja wa zamani wa tangi la choo, kama ulivyo, mahali popote ulipo, pamoja na chochote kilichomo au kisichokuwemo. Kilichouzwa hakirudishwi.* Volkmar aliisoma mara mbili. Penye *chochote kilichomo* alitabasamu: sasa hakuna mjane wala mahakama itakayomnyang'anya. Akatia saini kubwa yenye mkia. Ilikuwa karatasi ya kwanza kuisaini wiki ile, na nadhani ya kwanza tangu enzi za bima ya mbwa.

Hakungoja hata afike kona. Ndani ya gari palepale alichukua msumeno, akayapasua maboya matatu yaliyobaki ndooni. Hewa. Basi vito vilikuwa juu, ndani ya mojawapo ya vyoo vya wateja wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyevichanganya. Cha mtu mavi, husema Waswahili. Volkmar alikwenda kukitafuta chooni kwa hiari yake.

Lakini huwezi kung'oa mtambo wa mtu ukamwachia tangi tupu, na mikongwe yake alikuwa ameshaipasua. Jumamosi asubuhi alikwenda dukani akanunua mitambo mitano mipya, kwa bei ya duka, akapewa risiti bila kuiomba. Akapita mlango kwa mlango na uso wa uaminifu: kiwanda kimegundua kasoro, kiwanda kinaomba radhi, mtambo mwingine mpya, bure. Wakamshukuru. Mwalimu wa piano akampa keki ya tufaha. Mtu alikuwa anafanya kazi ya halali kwa mara ya kwanza maishani, na jasho lilikuwa linamtoka kweli, maana sasa ilimbidi akaze nati ambazo wiki nzima alikuwa akizigusagusa tu.

Anashuka na mtambo wa mwisho, akamkuta Strähle kwenye ngazi, mikono nyuma.

"Nasikia unagawa mitambo bure."

"Yenye kasoro tu, mwenyekiti. Wako ni mzima. Ni mpya, wa wiki hii hii."

"Wa wenzangu nao ulikuwa mpya wa wiki hii hii. Kwa nini wao wapate miwili na mimi mmoja?"

"Lakini wako…"

"Nilikuleta mimi katika nyumba hii. Naweza kuwaambia pia kwamba hukutoa risiti."

Volkmar alirudi dukani. Ule mpya alioung'oa kwa Strähle hakuupata hata huo: mwenyekiti aliuchukua mikononi mwake akaushusha stoo, ukae kwa ajili ya baadaye. Sijui nimdharau yupi zaidi kati ya hawa wawili, na nimekuwa na muda wa kutosha kulifikiria.

Saa tisa mchana msumeno ulinyamaza ndani ya gari. Baada ya kitambo, Volkmar akapanda hadi ghorofa ya tatu na mfuko wa plastiki mkononi.

"Hakuna kitu," akasema.

"Ndani ya nini?"

"Uliniambia mumeo alikuwa sonara."

"Nilikwambia alifanya kazi kwa sonara. Alikuwa mpishi wa kantini. Supu yake ya dengu walikuwa wanaisifu."

"Na boya? Alijifungia Jumamosi nzima kulifanya nini?"

"Lilikuwa na ufa, linaingiza maji. Jipya lilikuwa mark kumi na mbili. Gottlob hakuwa mtu wa kutoa mark kumi na mbili."

"Na benki?"

"Hela aliziweka kwenye kopo la biskuti. Uliliona kopo. Ulilitazama nilipokuwa nahesabu."

Volkmar akautikisa mfuko. "Alikushika mkono akikata roho! Alikuambia lisitupwe!"

"Lilikuwa bado zima," Bi Walburga akasema.

Akauchukua mfuko, akapekua vile vipande, akatoa nusu ya boya yenye kitone chekundu chini. Akaishika kiganjani kidogo. Machozi yalimlengalenga, nasema ukweli. Mtu aliyelifanyia kazi Jumamosi nzima alikuwa wake. Kisha akairudisha mfukoni.

"Lako. Umelinunua."

"Nitakwenda polisi."

"Nenda. Mimi nina karatasi yenye saini yako. Na wewe wapelekee zako za wiki nzima."

Volkmar alishuka ngazi zote, akafika kwenye mapipa, akafungua la njano, akanyanyua mfuko autupe.

"Fundi." Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi. "La njano ni la vifungashio tu. Hivyo ni vya pipa jeusi."

Akaupeleka pipa jeusi.

"Na maboksi."

Akayatoa garini. Yalikuwa saba. Alianza kuyasukumiza kwenye pipa la karatasi kama yalivyo.

"Zamu ni yangu," Bi Walburga akasema. "Yakunje kwanza."

Mimi nilisogeza kiti karibu na dirisha. Aliyakunja yote saba, moja moja, ovaroli yake ya buluu ikiwa imelowa mgongoni, na hakuondoka mpaka kifuniko cha pipa kilipofunga sawasawa. Hatukumwona tena Heslach.

Jioni ile Bi Walburga alilifunua tangi lake, akalitia boya jipya kitone cha rangi ya kucha, akapuliza kikauke. Majirani wake mpaka leo wanausifu ukarimu wa kiwanda.

Tarehe ishirini na tisa Oktoba alikwenda ofisi ya makaburi na kopo la biskuti, akamlipia Gottlob miaka ishirini. Karani akamshukuru, akamwita anayefuata. Bi Walburga hakusogea dirishani.

"Risiti," akasema, na akaisoma yote.